Ukindu, si penseli za rangi: barua ya wazi kuhusu wazee wetu wanaosahau

Kwa Waziri wa Afya,
Kwa Waziri mwenye dhamana ya Maendeleo ya Jamii na Wazee,
Na kwenu wakurugenzi wa halmashauri na maafisa ustawi wa jamii, maana najua barua za namna hii mwisho wa yote huangukia mezani kwenu.

Waheshimiwa,

Baada ya salamu, naomba niende moja kwa moja kwenye ombi. Naomba kila zahanati na kila makazi ya wazee yatenge asubuhi mbili kwa wiki, na kivuli, ili wazee wenye ugonjwa wa kusahau wakae pamoja wafanye kazi za mikono wanazozijua: kusuka ukili (ule utepe unaoshonwa kuwa mkeka), kusokota kamba, kufuma nyavu, kushona kofia, hata kuchambua mchele. Naomba awepo mtu mmoja aliyefundishwa namna ya kukaa nao. Basi. Jengo siombi, gari siombi, na semina ya kuzindua mpango huo ndiyo siitaki kabisa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Tanga. Ninaishi na mama yangu mzazi, ambaye ana demensia, yaani huo ugonjwa wa kusahau. Daktari alituambia ni ile ya Alzaima, inayochukua kati ya asilimia 60 na 70 ya wagonjwa wote wa demensia duniani. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wanaishi na maradhi haya, na zaidi ya asilimia 60 yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani sisi. Bado nakutana na wasomi wazima wanaoniambia kusahau kwa namna hii ni ugonjwa wa Wazungu. Wazungu wanautangaza tu kuliko sisi. Watafiti walipopita vijijini wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, wakapima wazee wa miaka 70 na kuendelea, walikuta asilimia 6.4 wana demensia, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Chukueni daftari la kata yoyote mnayoisimamia, hesabuni wazee wa umri huo, mpige hesabu wenyewe. Wengi wa hao hawajawahi kupimwa na hawatapimwa. Nyumbani inasemwa "bibi karudi utotoni", na maisha yanaendelea. Mtaani husemwa mengine, nitayafikia.

Mama alikuwa msusi wa mikeka. Tulisomeshwa kwa mikeka. Ukindu, yaani majani ya mkindu, unaletwa umefungwa matita, mbichi. Unaanikwa mpaka uwe mweupe, ule wa rangi unachemshwa na kuanikwa tena, kisha unachanwa kwa ukucha upate upana ulio sawa. Siku ya kusuka unafungwa kwenye kitambaa kibichi ulainike, kwa sababu mkavu unakatika. Hayo yote leo mama hawezi kukueleza. Muulize kinachotangulia, kuchana au kuchemsha, atakutazama tu. Jina langu huja na kuondoka. Mara nyingi mimi ni dada yake, siku nyingine ni "huyu mwalimu anayekaa hapa". Lakini mwanzishie ukili, umpe mkononi, na vidole vinakwenda. Gumba linasukuma, cha shahada kinakunja, jani moja juu, jingine chini, na akifika pembeni anageuza bila kutazama. Siku moja nilimchomekea makusudi jani jembamba kuliko wenzake. Alisonya, akalichomoa, akalitupa, akanyoosha mkono kutaka jingine. Mtu asiyejua kama amekula asubuhi anajua kwamba jani hili halifai.

Akishasuka urefu fulani husimama, akanyoosha mikono yote miwili, akaanza kuupima ukili kwa pima. Moja, mbili, tatu, halafu hesabu inampotea na anaanza tena. Mimi simsahihishi. Hakuna mnunuzi anayesubiri.

Kuna kitu kingine ambacho watunzaji wenzangu watakifahamu upesi kuliko mawaziri. Ni ile saa ya alasiri kuelekea magharibi. Mgonjwa anaanza kuhangaika, anajifunga kanga upya, anauliza njia ya kwenda kwao, na kwao ndiyo hapo hapo alipo. Mlango ukiachwa wazi, ameshafika barabarani. Siku ambazo mama ameshinda na ukindu, saa hiyo hupita kwa wepesi zaidi. Sisemi haiji. Inakuja, ila nguvu zake zinapungua, nami napata nafasi ya kuinjika chungu cha jioni bila kukimbia mlangoni kila dakika.

Binti wa dada yangu alisomea tiba kwa vitendo, yaani kumsaidia mgonjwa kwa shughuli za kila siku, huko Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, ndiye aliyenieleza sababu. Alzaima huanza na sehemu ya ubongo inayoitwa hipokampasi, ambayo kazi yake ni kuweka mambo mapya: nani alikuja jana, dawa nimemeza au bado, huyu mtoto ni wa nani. Ujuzi wa mikono uliorudiwa maelfu ya mara tangu utotoni unakaa sehemu nyingine za ndani zaidi, na ugonjwa huchelewa kuzifikia. Huchelewa tu, waheshimiwa. Siku moja nazo hufikiwa. Kwa hiyo mzee anayeweza kusuka mwaka huu, ombi lake haliwezi kusubiri mzunguko wa bajeti tatu.

Sasa nieleze kwa nini nimetaja penseli za rangi kwenye kichwa cha barua. Nilikuwepo siku wageni walipotembelea kituo kimoja cha wazee, sitakitaja wala wao sitawataja. Walikuja na zawadi za sabuni na sukari, Mungu awalipe, na wakaja pia na vitabu vya kupaka rangi. Vilikuwa na picha za paka waliovaa kofia za sherehe. Kila mzee akagawiwa kitabu na pakiti ya penseli, watu wakapiga picha. Bibi mmoja aliichukua penseli, akaigeuzageuza, akamrudishia binti aliyempa. "Mpe mwanao, mie nimeshakua."

Penseli hizo nazijua sana, ndizo ninazotumia na watoto wa darasa la awali, na sizidharau. Lakini yule bibi hakupata kupelekwa shule. Penseli mkononi mwake ni ushahidi wa kitu alichonyimwa, na sisi tunamtaka aitumie kumpaka paka rangi ndipo tuseme amechangamka. Mbaya zaidi, inamwambia mbele ya watu kwamba amekuwa mtoto. Hata aliyesahau majina ya wanawe hajasahau heshima. Mnaoishi na wazee hawa mnajua wanavyosikia upesi sauti ya kudharauliwa. Kama mzee alikuwa mwalimu wa sanaa, mpeni penseli na karatasi nzuri. Aliyeishi kwa kuchora Tingatinga pale Oysterbay, mpeni brashi na rangi. Fundi cherehani mpeni vitambaa na sindano ya mkono. Kazi imfuate mtu, isitoke kwenye boksi lililofungwa nchi nyingine.

Na hili si wazo la mwalimu wa Tanga peke yake. Nchi yetu imeshalifanyia kazi, ila ni kama tumelisahau. Kule Hai, wataalamu walipotaka kupima demensia walikuta vipimo vingi vya kigeni vinadai mtu ajue kusoma na kuandika. Mzee asiyejua kusoma anashindwa kipimo, kumbe akili yake nzima. Wakatengeneza kipimo kingine kinachomfaa mtu huyo, na sehemu yake moja ni kupanga njiti za kiberiti kufuata umbo analoonyeshwa. Njiti za kiberiti! Kitu kilichopo kila jiko. Baadaye wakachukua tiba iliyobuniwa Uingereza ya kuchangamsha akili kwa vikundi, ambayo ina vikao 14, mara mbili kwa wiki kwa wiki 7, wakairekebisha iendane na maisha ya hapa, wakaifanya na wazee 34 wenye demensia. Matokeo yalichapishwa 2017: uwezo wa kufikiri uliongezeka, wasiwasi na vurugu za tabia zikapungua. Wazee 34 ni wachache, sikatai. Lakini ni wazee wetu, katika wilaya yetu, chini ya paa zetu, na walipata nafuu bila kidonge hata kimoja kuongezwa.

Katika tiba ile kuna kanuni moja iliyonigusa kwa sababu inakwenda kinyume na mafunzo yangu yote ya ualimu. Mzee haulizwi "unakumbuka?" Anaulizwa "unaonaje?" Ukimwuliza mama ni nani alimfundisha kusuka, anaingia kwenye giza, anaanza kulia. Ukimwonyesha ukili wa rangi mbili na kumwuliza upi unapendeza, anajibu hapo hapo, na anakupa sababu, na sababu zenyewe ni za kiburi cha msusi: huu umelegea, huu rangi imechuja, huyu aliyesuka huu alikuwa na haraka ya kwenda ngomani. Tofauti ya maswali hayo mawili haigharimu hata senti. Lakini lazima mtu afundishwe, maana ulimi wetu sote umezoea kumpima mgonjwa: "Bibi, mimi nani? Bibi, leo siku gani?" Tunadhani tunamsaidia, kumbe ni mtihani anaofeli kutwa nzima mbele ya wajukuu.

Nina hofu moja, na nitaisema wazi kwa sababu nawafahamu wataalamu wetu wa mipango. Tafadhali msitugeuzie jambo hili kuwa kikundi cha ujasiriamali. Najua linavyoanza. Ombi likifika halmashauri, mtu mwenye nia njema atauliza: "Hiyo mikeka soko lake lipo?" Kisha kitafuata cheti cha usajili, katiba ya kikundi, mwenyekiti, katibu na mweka hazina (katika kundi la watu ambao hawana uhakika leo ni mwaka gani), akaunti ya benki, halafu banda la Sabasaba. Mkeka wa mgonjwa utakuwa na kombo. Ukili utaanza mpana uishe mwembamba. Siku nyingine mzee atafumua alichosuka juzi, na asubuhi hiyo itakuwa imekwenda vizuri kabisa. Tukianza kudai ubora wa soko, msimamizi ataanza kumnyang'anya mzee kazi mkononi aimalizie mwenyewe, na hapo tumerudi pale pale pa kumwambia hawezi. Kama mkeka ukipatikana, utandikeni hapo hapo zahanati, kina mama wanaosubiri kliniki waukalie. Hilo ndilo soko lake.

Niseme kuhusu wanaume, maana mipango ya kazi za mikono ina desturi ya kuwasahau, halafu ripoti inasema "mwitikio wa wanaume ni mdogo". Jirani yetu ni babu aliyekuja Tanga akiwa kijana, kutoka Kigoma, manamba wa kukata mkonge. Alistaafu kwenye korona, namaanisha ile mashine ya kuchambua singa, yaani nyuzi za mkonge, si ule ugonjwa. Kukaa mkekani na kina mama wanaosuka hataki, na sidhani kama ni haki kumlazimisha. Ila akipewa singa za mkonge anavuta kiti chake kando kidogo, anakunja suruali, anasokota kamba pajani. Na akisokota anakuwa nyapara. Anatuhesabia kazi sote, anataka kujua nani amechelewa, na mimi nimeshakatwa posho mara nyingi. Mkewe anasema ndiyo saa pekee ya siku ambayo anasikia sauti yake ya zamani. Huku pwani wavuvi wazee wako wengi vilevile. Mpe mmoja wavu uliotoboka, uzi na sindano ya mbao, uone. Huko Iringa kuna vikapu vya milulu, kusini kuna wachongaji wa Kimakonde, Dodoma kuna mafundi wa zeze na vibuyu. Mcheza kwao hutunzwa. Mwongozo mmoja wa taifa unaosema "wazee watashona shanga" kwa nchi nzima hautafaa.

Usalama unahitaji kichwa tu. Sindano kubwa na visu vihesabiwe kabla na baada. Rangi ichemshwe na mtu mzima mwenye akili timamu, mbali. Shanga ndogo zisitumike kwa wale wanaotia kila kitu mdomoni. Maji ya kunywa yawepo, choo kiwe karibu, na miwani ya mzee itafutwe kabla hatujasema hawezi. Wapo wanaoonekana wamepotea akili kumbe hawaoni jani wala hawasikii unachosema.

Nilisema nitafika kwenye yale yanayosemwa mtaani. Mnayajua. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa bibi vizee wameuawa kwa kuitwa wachawi, wengine kosa lao likiwa macho mekundu ya moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe. Sasa mchukueni bibi wa namna hiyo, mwongezeeni demensia: anatoka usiku wa manane, anasimama uwanjani kwa jirani, anazungumza na mumewe aliyekufa, anaingia nyumba isiyo yake akidhani ni ya kwake. Kijiji kisichojua ugonjwa kinajua jina moja tu la mtu huyo. Mahubiri na mabango yana kazi yake. Lakini bibi anayeonekana kila Jumanne mchana kweupe, penye zahanati, anasuka mbele ya watu, na mhudumu wa afya akieleza kwa sauti kwamba huyu ni mgonjwa wetu na ugonjwa wake una jina, ni vigumu kumzushia habari za fisi. Watoto wangu wa darasa la nne walipokuja kumtazama mama akisuka, mmoja aliniuliza pembeni kama ni kweli bibi "ana mashetani". Nilimjibu kuwa ubongo wa bibi unaumwa sehemu moja na sehemu nyingine nzima, na hiyo nzima ndiyo anayoiona. Akaketi akafundishwa kuanza ukili. Mama alimpiga kofi dogo la vidole alipokosea, na mtoto akafurahi.

Na sisi watunzaji? Karibu wote ni wanawake, binti au mkwe, na wengi wameacha genge, shamba au ajira. Mimi nina bahati ya dada wa kazi mwenye moyo, tena ni wa kulipwa, na mshahara wa mwalimu mnaujua. Asubuhi mbili kwa wiki mgonjwa akiwa sehemu salama ni saa ambazo mtu anakwenda sokoni, anafua, anampeleka mtoto kliniki, au analala. Nimeona mkwe mmoja akisinzia pale pale kwenye benchi la zahanati, mama mkwe wake akisuka hatua tatu kutoka hapo. Hakuna aliyemwamsha.

Mtaniuliza fedha. Haki yenu. Watu mnao tayari: mpango uliozinduliwa Januari 2024 unalenga kupata wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 katika miaka mitano, na hao ndio wanaoingia majumbani mwetu. Katika mafunzo yao wekeni siku chache za demensia: namna ya kuitambua, swali la "unaonaje", na namna ya kuendesha asubuhi ya kazi za mikono. Wataalamu wa tiba kwa vitendo tunao, wanasomeshwa hapa hapa nchini; ni wachache, kwa hiyo wawe wakufunzi na wasimamizi wa wilaya, wasipangiwe kukaa kijiji kimoja. Walimu wa kusuka tunao bure, ni kina mama wale wale wa mtaani, na wapewe nauli na chai kwa heshima. Malighafi inaota mtoni na shambani. Kila halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Wazee hawamo, na sitaki wapewe mkopo, maana nani ataurudisha. Ila mkono unaoweza kukata fungu lile unaweza kukata kipande kidogo sana pembeni kwa ukindu, singa, uzi na chai ya wazee. Nina hakika, bila hata kupiga hesabu, kwamba posho za kikao kimoja cha wadau zinatosha kuendesha zahanati moja kwa muda mrefu.

Karatasi nazo zipo. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inawatambua wazee kuwa ni rasilimali. Mpango wa dunia wa kukabili demensia uliopitishwa na nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani mwaka 2017 ulikuwa ufike mwisho 2025, ukaongezewa muda hadi 2031. Wenzetu wa Zanzibar tangu 2016 wanawalipa pensheni jamii wazee wote wa miaka 70 na zaidi, bila kuuliza walifanya kazi serikalini au la. Wakati ule wengi walisema haiwezekani. Sisi huku kila tarehe 1 Oktoba tunaadhimisha Siku ya Wazee Duniani kwa fulana, maandamano na hotuba juani, na wazee wenye demensia hatuwaleti kwa sababu watatuaibisha mbele ya mgeni rasmi. Mwaka huu, fedha za fulana zinunue ukindu. Siyo utani.

Kazi za mikono haziponyi demensia, na dawa ya kuiponya haipo. Mama ataendelea kushuka, najua. Sitaki mtu asimame bungeni aseme serikali imepata tiba ya kusahau kwa njia ya mikeka. Presha na kisukari vya wazee hawa viendelee kutibiwa, madirisha ya wazee hospitalini yawe na mtu ndani yake, dawa za wagonjwa wa akili zisikatike. Ninachoomba kinakwenda sambamba na hayo, hakiyaondoi.

Anzeni na makazi ya wazee ya serikali, kwa sababu wale hawana binti wa kuwaandikia barua: Nunge, Kolandoto, Njoro, Mwanzange na mengine. Ulizeni kila mzee, au ndugu yake, au mzee mwenzake wa chumba, mikono yake ilikuwa ikifanya nini alipokuwa na nguvu. Andikeni kwenye faili lake, mstari mmoja, karibu na ule wa dawa. Kisha zahanati chache katika wilaya chache, mwaka mmoja, mtu ahesabu nani anakuja, nani analala usiku, nani ameacha kutoroka. Kama haikufaa, semeni haikufaa, nami nitanyamaza.

Kwa upande wetu mtaani tumeshajipanga. Wazee wapo, kina mama watatu wa kuwaanzishia ukili wapo, na yule nyapara wetu ameshatangaza kuwa atachukua mahudhurio. Jumanne na Alhamisi, saa mbili asubuhi mpaka saa nne, kabla jua halijawa kali, zinafaa. Kilichobaki ni kibali cha kutumia kivuli cha mwembe ulioko ndani ya uzio wa zahanati, na mhudumu mmoja. Ombi la maandishi liko kwa mtendaji wa kata. Naomba lijibiwe.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu, na binti wa msusi wa mikeka
Tanga